Nilikaza Hewa

Bolti yenyewe si kubwa. Inaenea kiganjani, ina kichwa cha pembe sita, na kwenye Probox imejificha upande wa kulia nyuma ya gurudumu la mbele, katikati ya puli inayozungusha mkanda. Mtu anaweza kuliendesha gari miaka kumi asiione. Mimi nimeifungua na kuifunga sijui mara ngapi, na mara moja niliifunga vibaya huku nikijua ninaifunga vibaya. Hiyo moja ndiyo imenikaa rohoni.

Ilikuwa Novemba 2018. Gereji yangu, kama mabati sita juu ya nguzo za mkaratusi yanastahili jina hilo, iko Kisii mjini, si mbali na soko la Daraja Mbili. Asubuhi moja dereva wa Probox aliniachia gari akaenda zake stegi, akawa ananipigia simu kila baada ya nusu saa. Alikuwa akibeba abiria wa Keroka, siku nyingine anakata hadi Nyamira. (Kwa sheria gari lile ni la watu watano. Kwetu ukihesabu watano, dereva atakwambia bado gari halijajaa.) Sili ya mbele ya krenki ilikuwa imechoka, oili inachuruzika juu ya mkanda, na mkanda uliolowa oili hulia kama nguruwe aliyekamatwa mguu. Ni kazi ya saa mbili tatu kwa fundi asiye na haraka.

Nilikuwa na kijana wa kunisaidia, wale tunaowaita spana boi. Alikuwa na miaka 19, kwao ni Kebirigo, kaunti ya Nyamira, na mama yake ndiye aliyemleta. Yule mama alinikabidhi mwanawe kwa maneno machache: nimfundishe kazi, nisimfundishe pombe. Nilikuwa nikimlipa shilingi 200 kwa siku, na siku isiyo na gari sikumpa kitu. Alikuwa mwepesi wa kuelewa, na mkimya kiasi cha kunikera.

Asiyewahi kushika spana atashangaa mtu mzima kuungama kwa sababu ya bolti. Bolti hii inaingia kwenye ncha ya krenki, na krenki ndiyo inayozunguka ndani ya injini. Ukivuta spana ukaze, krenki inakufuata. Ni sawa na kufunga kifuniko cha mtungi uliopakwa mafuta: usipokuwa na mkono wa pili wa kuushika mtungi, utazunguka nao mpaka jioni.

Injini ile, aina ya 1NZ-FE, inataka bolti ikazwe kwa nyutoni mita 128. Kwa lugha ya gereji, chomeka bomba la mita moja kwenye spana, lilale sawa kama mkono ulionyooshwa, kisha ning'iniza kilo 13 kwenye ncha yake. Pakiti sita na nusu za unga wa kilo mbili. Nguvu hizo hata mtu mwembamba anazo. Kinachowashinda watu ni kuizuia injini isizunguke wakati nguvu inapoingia.

Kufungua kuna ujanja wake. Unauegemeza mpini wa spana ardhini, unapiga stata kidogo tu, injini inazunguka na bolti inalegea yenyewe. Hiyo ni kwa sababu injini nyingi, ukizitazama upande wa puli, huzunguka kama mishale ya saa. Honda nyingi za zamani huzunguka kinyume, na nimewahi kumwona fundi akiikaza bolti ya Honda kwa stata, jasho linamtoka, akidhani anaifungua. Lakini kwenye Toyota stata hufungua tu. Kufunga utafunga mwenyewe.

Kipo chombo cha kazi hiyo: chuma chenye mkono mrefu na pini mbili zinazoingia kwenye matundu ya puli, mmoja anakishika, mwingine anavuta spana. Wengi wetu wa jua kali hatuna, kwa hiyo kila mmoja ana dini yake. Wapo wanaozungusha mkanda wa zamani kwenye puli na kuubana, na ukiteleza unaondoka na ngozi ya vidole. Wapo wa bisibisi kwenye meno ya flaiwili, na hao nawaogopa, maana jino moja likivunjika stata itakuwa ikifika hapo inakwaruza hewani, na utashusha giaboksi nzima kwa ajili ya jino. Mzee aliyenifundisha alikuwa mtu wa kamba. Anatoa plagi ya silinda moja, anaizungusha injini mpaka pistoni iwe inapanda kubana hewa, valvu zote zikiwa zimefunga, kisha anashindilia kamba laini ya nailoni kupitia tundu la plagi, ncha anaiacha nje. Pistoni ikipanda inaikuta kamba, inasimama. Hakuna chuma kinachoumiza chuma. Nilimcheka miaka mingi kwa kamba yake.

Njia yangu mimi ilikuwa ya mguu. Gari la gia za mkono unalitia gia ya tano, mtu anakaa ndani anakanyaga breki kwa nguvu zake zote. Magurudumu yakishikwa, giaboksi imeshikwa, na krenki imeshikwa. Gari la otomatiki halikubali, kwa sababu kati ya injini na giaboksi yake kinachosukumana ni mafuta, na mafuta hayashiki kitu kilichosimama. Lile lilikuwa la gia za mkono. Mguu wa breki ulikuwa wa yule kijana.

Sisi Abagusii tulikuwa na omobari omotwe, mganga aliyempasua kichwa mtu aliyeumia fuvu, akakwangua mfupa, na wapo waliopona wakaishi. Sokoro, babu yangu, alipenda kusema kwamba sifa zote zilimwendea omobari mwenye kisu, ilhali jasho lilikuwa la wale walioshika kichwa kisitikisike. Mimi utotoni nilikuwa nikingojea afike kwenye damu.

Basi ilipokaribia saa sita, sili mpya ilikuwa imeshaingia, puli imerudi, bolti nimeizungusha kwa vidole mpaka ikafika. Simu ya dereva ikalia tena: zamu yake inapita. Nami njaa inauma. Kijana alikuwa ameshakaa kwenye kiti, mguu juu ya breki. Nikamwambia ashuke akaniletee chai na ndizi mbivu kibandani.

“Si tukaze kwanza, fundi?”

“Wewe nenda. Bolti moja haihitaji mkutano.”

Hatua kumi kutoka pale alikuwepo jirani yangu, mnyoosha bodi za magari. Ningemwita angekuja, ana miguu miwili kama watu wote. Sikumwita kwa sababu wiki iliyotangulia tulikuwa tumegombana juu ya jeki. Nikaingia mwenyewe, nikatia gia ya tano, nikaivuta breki ya mkono mpaka ikagoma, nikarudi chini ya bawa la gari.

Fundi anayesoma hapa ameshacheka. Probox lile huvutwa na magurudumu ya mbele, na breki ya mkono hushika ya nyuma. Nilikuwa nimefunga zizi la mbuzi ili ng'ombe asitoroke. Na si hilo tu. Upande wa kulia ulikuwa juu ya jeki, gurudumu nimelitoa, diski inaning'inia peke yake. Gurudumu la kushoto limekaa chini, halisogei, na difu hupitishia mzunguko kule kuliko kwepesi. Kwa hiyo wa kuzunguka ungekuwa upande huu wa kulia, ulio mbele ya pua yangu.

Nikavuta. Spana ikaja nyepesi, ikawa nzito, ikapita ikawa nyepesi tena. Nikavuta tena, ikawa nzito. Mle ndani pistoni ilikuwa inabana hewa, na kila nusu mzunguko kuna nyingine ya kubana. Ule uzito ulikuwa wa hewa. Kuigeuza injini ndogo kama ile kwa mkono hakutaki hata nusu ya zile nyutoni mita 128. Mkono wangu ulijua, maana uzito wa bolti iliyokaa husimama, na huu ulikuwa unateleza. Macho pia yalijua. Kila nilipovuta, diski ilijongea. Niliiona. Nikageuza uso upande wa chai inakotoka.

Nilipoifikisha kwenye uzito mmoja nikaamua hapo panatosha. Kisha nikachukua kopo la rangi nyeupe nikaipaka bolti alama, kutoka kichwani mwake hadi kwenye puli, kama tunavyofanya kwa bolti iliyokazwa kisawasawa, ili mtu mwingine akiiona asihangaike nayo. Hakuna aliyeniomba alama hiyo. Nadhani niliipaka ili mimi mwenyewe niiamini.

Kijana akarudi na chai. “Nikanyage sasa?”

“Nimeshamaliza.”

Akaingia ndani ya gari, akakaa kidogo, akatoka. Sikumuuliza alichokuwa akifanya.

Watu wengi hudhani kazi ya bolti ile ni kuizuia puli isidondoke. Kazi yake hasa ni kuibana puli kwenye krenki kwa nguvu kiasi kwamba vyuma viwili vinakuwa kama kimoja. Kipo kipande kidogo cha chuma kinachokaa kwenye mfereji kati yao, tunakiita kii, lakini hicho huonyesha puli ikae wapi, hakikuumbwa kubeba mzigo. Mbano ukipungua, mzigo wote unakiangukia. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika hulipua mara 100 kwa sekunde, na kila mlipuko ni nyundo ndogo juu ya kii. Si sisi wa jua kali peke yetu tuliowahi kuliona hili. Mazda MX-5 za mwanzo, za kati ya 1989 na 1991, zilipata sifa mbaya Marekani na Uingereza kwa krenki yenye ncha fupi: bolti ikilegea, kii hutafuna mfereji wake mpaka krenki inakuwa ya kutupwa.

Siku ya tatu dereva alinipigia. Anasikia tiki-tiki, kama sufuria yenye kifuniko kisichokaa. Nikamwambia mkanda ni mpya, bado unajizoesha, endelea tu. Mikanda haijizoeshi. Ningemwambia aniletee gari dakika ile, tungekaza tukiwa wawili, mambo yangeishia kwa aibu ya dakika kumi. Usiku huo sikulala vizuri, lakini kukosa usingizi hakukazi bolti.

Siku ya tano gari likafia Keroka. Puli iliyumba, mkanda ukaruka, na kwenye injini ile mkanda ndio unaozungusha pampu ya maji pamoja na alternata. Taa ya betri iliwaka, dereva akajisemea atafika. Alikuwa na abiria wanaosukumana na mizigo ya ndizi, na barabara ya kutoka Kisii hupanda karibu njia nzima. Keroka ni mji ambao mpaka wa kaunti mbili unapita katikati ya watu wanaouziana nyanya. Mimi na kijana tulishuka upande wa Kisii, tukalikuta gari limenyamaza upande wa Nyamira, mvuke bado unatoka.

Nilishika puli kwa vidole viwili ikacheza. Bolti niliitoa bila spana. Kii ilikuwa imekatika, na mfereji wake kwenye krenki umepanuka kama tundu la panya. Silinda hedi nayo ilikuwa imepinda kwa joto. Alama yangu nyeupe ilikuwa pale pale kwenye kichwa cha bolti, ila nusu yake nyingine, ile ya kwenye puli, ilikuwa imehamia upande wa pili.

Dereva hakupiga kelele. Aliuliza, “Hii ulikaza?”

Kijana alikuwa kando yangu ameshika sanduku la spana. Nikasema, “Huyu ndiye alikuwa kwenye breki. Aliachia.”

Maneno sita. Nimeyahesabu mara nyingi tangu siku hiyo. Nilitegemea atakana, na nilikuwa nimeshaandaa jibu la kumzima. Hakukana. Aliweka sanduku chini, akatazama mikono yake, na dereva akaanza kumtukana yeye badala yangu.

Injini iliyotumika pamoja na kuifunga ilifika shilingi 75,000. Dereva aligoma kutoa hata senti, na alikuwa na haki. Mimi nilikuwa na 60,000, nyingine za kukopa. Zilizobaki nilisema ni za kijana. Nikampigia mama yake simu, nikamweleza kwa sauti ya mwalimu mkuu kwamba mwanawe amezembea kazini.

Alikuja kesho yake kwa matatu. Malipo ya mwisho wa mwaka ya majani chai, ambayo kwetu kila mtu huyaita bonasi, yalikuwa yameingia Oktoba. Akafungua ncha ya leso akanihesabia 15,000. Kijana alipomwona alisema neno moja tu, “Baba.” Mgeni angeshangaa, kwa Ekegusii baba ni mama, tata ndiye baba. Mama hakumjibu. Alimwambia aniombe msamaha. Akaniomba. Akasema, “Nisamehe, fundi,” nami nikasema nimemsamehe. Kisha wakaondoka pamoja, na hakurudi tena kazini.

Mambo ya baadaye ni mafupi. Nilinunua spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Nikajitengenezea kile chuma cha pini mbili kutoka kwa bamba la chesisi kuukuu. Kamba ya nailoni ninayo pia. Nimekuwa fundi mwangalifu, wateja wananisifu kwa uangalifu huo, na kila wakinisifu nasikia kama nimeiba.

Mwaka jana niliingiziwa Probox nyingine. Nilipolitoa gurudumu nikaikuta bolti ile ina alama mbili, moja nyeupe na moja ya njano. Nikamuuliza dereva ni nini. Akaniambia yuko fundi kijana Nyamira mjini, ana masharti yake: aliyevuta spana anapaka nyeupe, aliyeshika injini anapaka njano, na zisipokuwepo zote mbili gari halitoki. Alivyonieleza sura yake nikamjua.

Nilikaa nalo mwezi mzima. Kisha Jumapili moja nikachukua 15,000 nikapanda gari hadi Kebirigo, nikaulizia njia, nikafika. Mama alinikaribisha kama mgeni wa kawaida, akaniwekea chai ya maziwa. Kijana, ambaye si kijana tena, alikuwa amekuja kumtembelea, amekaa kwenye stuli karibu na mlango. Nilisema yote niliyoyaandika hapa, kwa haraka zaidi na kwa mpangilio mbaya zaidi. Nilipofika kwenye breki ya mkono, yeye ndiye aliyemalizia.

“Na gia ya tano,” akasema. “Niliikuta nilipoleta chai. Niliitoa mimi. Ungelishusha ukaliwasha vile, lingekurukia.”

Nikamuuliza kwa nini hakusema kule Keroka.

“Wewe ndiye ulikuwa fundi.” Akanyamaza kidogo. “Mama nilimwambia usiku ule tuliporudi. Akasema tusikusumbue, utakuja mwenyewe.”

Mama alikuwa anahesabu zile pesa, polepole, noti baada ya noti. Alipomaliza akazifunga kwenye ncha ya leso. Akasema bonasi ya mwaka ule ilikuwa ya mabati, na akanyoosha kidole kwenye kona ya jiko la nje, mahali ambapo paa bado ni la nyasi. Hakusema kwa ukali. Ni kana kwamba alikuwa ananionyesha tu mipaka ya shamba.

Tulikunywa chai. Tuliongea juu ya mvua, bei ya majani chai, mafundi wa siku hizi wanaotegemea simu. Nilikuwa nimeshaanza kupumua nilipomwona yule kijana ananitazama kwa ule ukimya wake wa zamani.

“Na yule dere wa Keroka,” akasema, “umeshamwambia?”

“Bado.”

Hakuongeza neno. Namba ya yule dereva bado ninayo. Nilitoa simu mfukoni nikaanza kuitafuta, wao wawili wakinitazama, na chai ikipoa.